Mafiga Mbele ya Mimbara

Jumamosi asubuhi kina mama walikuta mafiga matatu mbele ya mimbara, walipokwenda kusugua sakafu ya kanisa. Yalikuwa yametoboa saruji bila kuipasua pembeni, kama uyoga unavyotoboa ardhi. Yalikuwa meusi kwa masizi, na katikati makaa yaliwaka. Maman Jeannine, rais wa kina mama, alisogeza ndoo yake ya plastiki isiyeyuke, akaendelea kusugua kuyazunguka.

"Ni ya Maman Fifi," alisema Maman Solange, fagio mkononi. "Jiko yake ilikuwa hapa. Ile kubwa iko na kovu, nilikuwa naikala karibu yake tukipika majani ya sombe."

Jambo hilo lilijulikana. Maman Fifi Katsuva, mjane, alikuwa na nyumba ya udongo mahali hapo. Wakati wa vita alikimbilia Aru, na aliporudi Bunia alikuta kanisa limesimama juu ya kiwanja chake. Sasa alilala chini ya bâche, turubai la msaada, katika kambi ya waliohama, upande wa pili wa mji. Kila mara alipokuja kuuliza, aliombewa.

Mchungaji Paluku aliagiza saruji. Fundi akafunika mafiga, na saruji ilipokauka mafiga yalikuwa juu yake. Akapanga vigae vyeupe. Mafiga yakapanda juu ya vigae, makaa yakiwaka vizuri zaidi. Jumapili iliyofuata mkubwa wa makanisa angekuja kubariki jengo, na halmashauri haikutaka apige magoti kando ya jiko.

Hakuna aliyetaka kuyang'oa kwa mikono. Mafiga ya mwanamke hayaguswi na mtu mwingine. Akiyang'oa mwenyewe, amehama, na mahali pale si pake tena. Mchungaji alilikumbuka hilo akiwa anakunywa chai, akafurahi.

"Akuye ayangoe yeye mwenyewe," alisema. "Maman présidente, uende umuite. Umupelekee unga na kitenge."

Maman Jeannine alikwenda kwa pikipiki, mfuko wa unga mapajani. Alimkuta Maman Fifi akichambua maharagi.

"Mafiga yako imetokea mu kanisa," alisema, maana hakupenda kuzunguka.

"Nilijua. Hapa kuni inawaka lakini chungu haichemuke tena."

"Pasta anaomba ukuye kuyangoa."

"Na hii mufuko?"

"Ni upendo ya kanisa."

Maman Fifi aliuinua kidogo, akauweka chini. "Upendo yenu iko na kilo ngapi?"

"Kumi."

"Si mubaya. Ile ya mwaka jana ilikuwa tano." Aliendelea kuchambua. "Nikuulize, dada, usikasirike. Weye, ni Yesu amekutuma ao ni pasta?"

Maman Jeannine alifikiri. Alikuwa amesoma, alikuwa amefundisha, na alikuwa amewaambia wanafunzi wengi kwamba jibu fupi ndilo bora.

"Ni pasta."

"Basi nivae viatu. Angekuwa Yesu, angekuya na funguo ya mulango."

Kanisani halmashauri ilikuwa imesimama nusu duara. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu aliyewapa mahali hapa.

"Ni chef ya mutaa ndiye alitupa, pasta," alisema Maman Jeannine macho yakiwa yamefumbwa. "Na haikuwa yake."

Mzee mmoja alikohoa. Mchungaji akasema amina.

Maman Fifi alichuchumaa. Kama angeyang'oa, habari ya kiwanja ingekwisha hapo. Alipuliza makaa. Alishika figa moja, kisha la pili. La tatu, lile lenye kovu, lilicheza kidogo mkononi mwake, na mchungaji akasogea mbele kumsaidia. Maman Fifi alilikandamiza chini kwa mikono miwili mpaka likakaa imara. Kisha akatoa chungu ndani ya kitenge chake cha zamani.

"Muniletee maji," alisema.

Mkubwa wa makanisa alikuja Jumapili. Alihubiri juu ya wajane, moshi ukipita mbele ya uso wake, akala maharagi na kusema yameiva vizuri. Halmashauri ikaamua kwamba Maman Fifi anaweza kupika pale siku ambazo kwaya haina mazoezi, akiomba ruhusa.

Maman Jeannine alianza kuuliza habari ya kiwanja katika kila mkutano. "Na parcelle?"

"Tunaiweka mu maombi," alijibu Xavier, katibu.

"Siye tumeomba ya kutosha. Tuirudishe."

"Maman, ni nani anakutuma hii maneno?"

"Hata mimi sijui kama ni Yesu," alisema. "Najua tu pasta hanitumi tena."

Walicheka, kwa maana alikuwa mtu wa kuchekesha, wakapita kwenye jambo la pili, yaani vitambaa vya kwaya. Kwenye mkutano uliofuata aliuliza tena, na uliofuata huo pia.

Mafiga yako pale. Wageni wakifika huonyeshwa, na kwaya imejifunza kuingia kwa upande wa kushoto. Jioni mlinzi husimama mlangoni na kumwambia Maman Fifi kwa heshima kwamba saa ya kufunga imefika. Maman Fifi hufunika chungu, hukibeba kichwani, na kuvuka mji kurudi chini ya bâche. Mlinzi hufunga kwa kufuli. Ndani, moto huendelea kuwaka, na hakuna mtu anayeuota.