Stoo Imetiwa Kufuli

Kama kuna wa kulaumiwa, alaumiwe kwanza yule aliyemwambia Eufrazia kwamba kununua kwa jumla kunaokoa hela. Labda kwa wanaoishi wawili. Nyumba yake ya kupanga Mwananyamala ilikuwa na watu sita: yeye, mumewe Ansbert, watoto watatu, na mama mkwe wake, Bibi, aliyetoka Masasi kuja kuwasalimia na sasa salamu zilikuwa zimeingia mwezi wa pili.

Zamani alinunua vya siku kwa siku dukani kwa Twalib: mchele nusu, sembe kilo, mafuta ya kupima. Januari akabadili. Walikuwa na kibanda chao Pugu, kuta zimesimama, bado mabati tu. Mkataba wa kupanga ulikuwa unaisha mwisho wa Machi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wakipata mabati kabla ya hapo, wanahama. Wasipopata, hela yote inakwenda kwa mwenye nyumba, na mvua zinamalizana na kuta. Pa kubana palibaki tumboni.

Basi akabeba gunia la mchele, kiroba cha sembe na dumu la mafuta la lita ishirini. Lo! Mafuta ya kupima kila mtu huyaonea huruma, lakini dumu likisimama jikoni kila mkono unamimina. Maandazi yakapikwa bila sababu. Jirani yao Hamida akaja kuomba mchele mara tatu, na gunia limesimama pale linaonekana, utasemaje umeishiwa? Chakula cha mwezi kikakata siku ya kumi na tisa. Eufrazia alikasirika mpaka kichwa kikamuuma.

Februari akanunua tena, ila safari hii akatia kufuli mlango wa stoo. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kiwandani Mikocheni, alipima vikombe vya siku hiyo, akaviacha mezani, ufunguo akautia kwenye pochi. Kula nje akapiga marufuku, hata chipsi kavu, hata mishkaki miwili. Ansbert alinung'unika siku mbili, akanyamaza. Mambo yakakaa sawa, naye akaanza kuulizia bei za bati.

Jumamosi moja akatoka mbiombio bila kupima. Alikuja kukumbuka saa sita mchana, yuko kwenye mashine, simu imebaki getini kama sheria ya kiwanda inavyotaka, na msimamizi hakutaka kusikia habari za stoo. Alifika nyumbani saa kumi. Mezani kulikuwa na sahani za kuku na chipsi, chupa za soda, na watoto midomo inang'aa mafuta. Kwa macho tu alijua pale imeondoka elfu arobaini.

Hakusalimia mtu. Alimwambia Ansbert hana uchungu, kwamba wenzake wanajinyima yeye anaagiza kuku, kwamba bati mbili nzima zimeliwa na kachumbari juu. Aliyejibu ni Bibi.

"Mama Adelina, usimwonee mumeo. Nimelipa mimi. Ilikuwa nauli yangu ya Masasi."

Eufrazia akaishusha pochi begani.

"Nilikuwa niondoke kesho kutwa," Bibi akasema taratibu. "Mwezi mzima nimekula nusu tumbo hapa kwako, nikasema si kitu, mimi ni wa kuondoka. Lakini wajukuu zangu washinde njaa na mchele umo ndani umefungiwa, hilo limenishinda."

Kisha akamsogezea sahani iliyofunikwa. Walikuwa wamemwekea paja.

Eufrazia akakaa, akala, maana tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni, ingawa aliona aibu. Alitaka kumwomba Bibi radhi. Maneno yalikuwepo kabisa. Lakini kichwa chake kilikuwa mbali, kinapiga hesabu: nauli nyingine itolewe kwenye hela ya mabati, au Bibi abaki, ale vikombe viwili kwa siku, mpaka mwisho wa Machi. Alijichukia kwa hesabu ile, na bado akairudia tangu mwanzo.