Mfupa Usiojua Kukoma

Fundi wa paa alianguka kutoka ghorofa ya pili, muundi wake wa kushoto ukavunjika. Miezi kumi na sita baadaye ulikuwa bado haujaunga. Alishatiwa vyuma, akatolewa vyuma, na kila picha ilionyesha ufa uleule. Mwenyewe alikuwa akitania kwamba vipande vyake vimekosana, havisalimiani.

Mdogo wake wa kike alifanya kazi katika maabara iliyohangaika na mifupa ya namna hiyo. Walichukua kwenye uboho seli shina, seli changa zisizoamua bado zitakuwa nini, wakazima ndani yake jeni moja inayofanya kazi ya breki. Breki ikishaachiwa, seli zikitiwa kwenye ufa hukimbilia kuwa mfupa. Panya waliovunjika miguu walikuwa wakitembea wiki ya tatu. Profesa aliyeongoza maabara alikuwa ameandaa ombi la kuwatibu watu kumi wa kwanza, na daktari wa fundi alikuwa amemwingiza mgonjwa wake kwenye orodha.

Siku tatu kabla ombi halijatumwa, dada mtu alimkuta panya wa kumi na tisa amelala ubavu, mguu haukunjiki. Alipompiga picha, ufa ulikuwa umeziba vizuri kabisa. Ila mfupa haukukomea hapo. Ulikuwa umepenya msulini, ukapanda hadi gotini na kulifunga kama saruji. Adhuhuri panya akafa.

Profesa alikuwa safarini, na hakuna mwingine aliyeiona picha ile. Kwenye sababu ya kifo dada aliandika "maambukizi", akafunga kompyuta, akaenda kwa mama yake.

Huko alikuta furaha tupu. Wifi yake alikuwa akimpigia mumewe suruali pasi, na kaka alikuwa akijaribu kiatu cha kushoto ambacho hakijakanyaga chini zaidi ya mwaka. Mama alimshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, umetutoa kimasomaso."

Dada aliacha chakula. Alisingizia kichwa, akaondoka.

Asubuhi alimpigia Profesa na kumweleza yote, uongo wake ukiwemo. Profesa akaagiza panya wote wapigwe picha upya. Kati ya thelathini, saba walikuwa na mfupa unaopotea njia. Ombi likawekwa kando. Dada akapewa barua ya onyo.

Hakusubiri hospitali imwambie kaka yake. Alikwenda mwenyewe, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamsimulia habari za panya, picha na neno aliloandika. Kaka alisikiliza huku akiukandakanda mguu.

"Wangu hauoti hata chembe," alisema mwishowe. "Huo unaozidi ndio ninaoutaka. Ungeniuliza."

"Ungenijibu nini?"

"Ningesema nitieni."

"Ndiyo maana sikukuuliza, kaka."

Kaka aliacha kuukanda mguu. "Lakini usiku mzima ulikuwa umekubali nitiwe."



Miezi mitano baadaye usaha uliingia kwenye ufa, na mguu ukakatwa chini ya goti. Mama hakumgombeza binti yake. Aliacha tu kumwita mwanangu, akawa anamwita "daktari", kwa adabu, kama mtu baki. Wifi alisema atalainika, mpe muda.

Maabara sasa wanatafuta namna ya kuiwasha tena breki mfupa ukishaunga. Panya hupigwa picha kila wiki kwa utaratibu. Dada huwapiga picha kila siku, na wenzake wamechoka kumcheka.

Kaka yake alimuuliza mara moja tu wamefikia wapi. Akamwambia bado. Fundi aliitikia kwa kichwa, akamsogezea mguu wa bandia na kumwomba amkazie mkanda, kwani upande wa nyuma haufikii vizuri.