Gemu Iliyoishia Mlangoni

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Jamaldini alikuwa nazo, tena za kumwaga. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa na banda la gemu pale Kijenge, lenye mlango wa kijani, na kila gemu iliyochezwa humo ilikuwa ya kuchakachua. Ukimuuliza, alikujibu bila aibu: gemu halisi bei yake ni kodi ya chumba, kadi ya kulipia mtandaoni hana, na bando hukata kabla gemu haijashuka hata nusu. Halafu wenyewe wako ng'ambo, wameshiba, hawajui hata kama Kijenge ipo. Wateja waliitikia, wakaendelea kucheza.

Sasa Efraimu akatengeneza gemu.

Efraimu huyu huyu wa kijijini Kikwe, ambaye enzi zile alileta mchicha mjini kwa baiskeli, na akishauza hujibanza mlangoni kutazama wenzake wakicheza. Jamaldini ndiye aliyemwambia, "Ingia, dogo, leo bure." Leo hiyo ilidumu miaka mitatu. Pedi ya kwanza ya kuchezea gemu aliishika humo, na kompyuta ya kwanza humo humo. Na sasa gemu yake, Punda wa Kikwe, ilikuwa kwenye simu za watu: punda kabeba mboga, anakwepa matope, malori na mgambo, Mlima Meru uko kulia kwake mpaka anaingia mjini. Redio ikamhoji nusu saa nzima. Jamaldini aliisikiliza yote akingoja jina lake, na halikutajwa.

Kijiba cha roho kikamkaa. Chai ikawa chungu. Wateja walipoisifu ile gemu mbele yake, aliona wanamtukana yeye. Na bei yake ilikuwa ndogo kuliko sahani ya chipsi, inalipwa kwa simu, na bando haimalizi. Sababu zake zote za siku zote hazikufika hapo. Aliichakachua hivyo hivyo.

Siku mbili zilimtosha. Gemu ilikuwa na kufuli: ukilipa, unatumiwa namba ya kulifungulia. Jamaldini alikikata kipande chenye kufuli, akakitupa, kisha akafanya kama wafanyavyo wachakachuaji wote, akapiga muhuri wake pale gemu inapofunguka: JAMAL GEMU, KIJENGE, na namba yake ya simu. Mwizi mwenye akili angenyamaza, lakini fundi wa kazi hii hatoi kopi bila muhuri. Akaigawa bure. Ndani ya wiki tatu ilikuwa imefika Sekei, Tengeru, mpaka Kikwe kwenyewe.

Kasoro ilikuwa moja. Punda akishafika mjini alisimama mbele ya mlango wa kijani, na mlango haukufunguka. Wateja wakalalamika. Jamaldini alifurahi kupita kiasi.

"Mmemwona fundi wenu?" alisema. "Kashindwa kumaliza gemu yake mwenyewe."

Aliyasema hayo kila siku, kwa kila aliyeingia, na kila alipoyasema chai ilikuwa tamu.

Alasiri moja Efraimu mwenyewe akaingia.

"Shikamoo, kaka Jamal."

"Marahaba." Jamaldini alikuwa na maneno yake tayari, ya watu wasio na shukrani.

"Nimeuona muhuri," Efraimu akasema, akakaa kwenye benchi lile lile la zamani. "Sikuja kugombana. Anjela, yule aliyenichorea picha zake, jana nilimwambia atafute kazi nyingine. Gemu ya pili hatutaitengeneza, kwa sababu ya kwanza hakuna anayeinunua tena. Nilitaka kukuuliza tu kama uliicheza mpaka mwisho."

"Mwisho gani? Gemu yako inaishia mlangoni. Mji mzima unajua."

"Inayoishia mlangoni ni yako, kaka. Chumba cha mwisho nilikiweka ndani ya kufuli. Ulipolikata, ulikata na chumba."

Akamsogezea simu. Punda alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kijani. Efraimu akagusa kioo, mlango ukafunguka. Ndani mlikuwa na benchi, televisheni mbili, na mtu aliyevaa kofia upande, kama anavyovaa Jamaldini. Yule mtu akageuka, na maneno yakatokea juu ya kichwa chake: Ingia, dogo, leo bure. Kisha maandishi madogo chini: Gemu hii ni zawadi kwa kaka Jamaldini wa Kijenge.

Jamaldini aliyasoma mara mbili.

"Redioni nilinyamaza makusudi," Efraimu akasema. "Nilitaka watu wakukute wenyewe humo ndani."

Akachukua simu yake, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Haukupita muda mrefu akaingia mteja, akitoa simu mfukoni. "Kaka Jamal, nirushie ile ya punda."

"Kainunue," Jamaldini akasema.

"Ninunue? Si wewe uliyesema haina mwisho?"

Jamaldini akafungua kinywa amwambie kwamba ina mwisho, na kwamba yeye mwenyewe yumo. Kisha akakifunga, maana alijua hakuna atakayemwamini.