Usaili wa Amplifaya

Jana alasiri nilipitiwa na usingizi kwenye kochi, nikaota spika zetu tano zinafanya usaili.

Baba yangu, Mzee Shekimweri, aliendesha mashine ya sinema hapa Tanga miaka ishirini na sita. Sasa masikio yake yamechoka. Nilimwekea spika kubwa sebuleni, lakini risiva yetu ndogo, chombo kinachozipelekea sauti, haina nguvu ya kuzisukuma; ukiongeza sauti, maneno yanakwaruza. Wiki iliyopita aliinuka katikati ya filamu. "Siku hizi watu wa kwenye picha hawasemi na mimi," alisema, akaenda kukaa uani. Tangu hapo hakurudi sebuleni. Ndiyo maana natafuta amplifaya ya peke yake ya kuziendesha spika hizo, na naogopa kukosea.

Katika ndoto, spika ya kati, ile inayotoa maneno ya waigizaji, ndiye mwenyekiti. Amevaa miwani. Mimi ni karani.

Anaingia amplifaya wa rangi ya dhahabu, mwenye taa za buluu kifuani.

"Nina wati elfu mbili," anasema.

"Ukiendesha spika ngapi?" mwenyekiti anauliza.

"Moja."

"Kwa muda gani?"

Anatazama viatu vyake. "Muda wa kupiga chafya."

"Andika chafya," mwenyekiti ananiambia. Naandika.

Spika mkubwa wa kushoto ananiinamia. "Dada, mimi na mwenzangu wa kulia tuna ukinzani wa omu nne kila mmoja. Omu zikiwa chache, tunakunywa umeme mwingi. Usituletee mtu wa kikombe."

Amplifaya wa dhahabu anatoa kikombe cha kahawa. Spika wote watano wanakunywa kwa pamoja. Moshi unamtoka masikioni, anaomba ruhusa ya kujilaza.

Tunamlaza, maana sebule sasa ni wodi. Amplifaya kumi na wanne wamelala humo, kila mmoja na kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Muuguzi ni feni ya mezani. Namuuliza wanaumwa nini. Anageuka kushoto, anageuka kulia, ndipo anajibu.

"Joto," anasema. "Walifungiwa makabatini, wakakosa hewa."

"Hakuna mzima hata mmoja?"

"Yupo wa kwenye korido. Hana maneno mengi."

Kwenye korido amekaa amplifaya mweusi, mfupi, asiye na pambo lolote.

"Una wati ngapi?" namuuliza.

"Mia na hamsini. Kwa kila spika, wakinywa wote pamoja, kutwa nzima."

"Mbona chache?"

"Nibebe."

Namkumbatia, nainua. Hanyanyuki. Mgongo wangu unalia kama bawaba.

"Hiyo ni transfoma, ndimo nguvu ilimo," anasema. "Wengine walikuja na taa."

"Nyumbani una sharti gani?"

"Juu yangu pawe wazi, nipumue. Usinifunike kitambaa cha kufuma."

Nakiri kwamba nyumbani kwetu kila kitu kina kitambaa cha kufuma.

"Hata friji?"

"Hata friji."

"Nitakuja," anasema. "Lakini mimi nitakaa uchi."

Namsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mwisho wa korido, na mlango unafunguka kwenye ukumbi wa sinema. Viti vyote ni vitupu. Baba peke yake amekaa mstari wa mbele, na shati lake la kazi. Spika wanajipanga, wanapiga magoti, wanakunywa kwa amplifaya mweusi mpaka wanashiba. Hana moshi. Hana hata jasho.

Kwenye pazia jeupe, mwanamke anafungua mlango wa nyumba, mvua ikinyesha nyuma yake. Haongezi sauti.

"Shikamoo, Mzee Shekimweri. Tumekusubiri sana."

"Marahaba," Baba anajibu. "Nilikuwa uani."

"Uani kuna nini?"

Baba anafikiri. "Hakuna kitu."

"Basi njoo."

Nikaamka. Umeme ulikuwa umekatika. Televisheni ilikuwa nyeusi, na risiva, nilipoigusa, ilikuwa ya baridi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti kando yangu, mikono magotini, kandambili zake bado zina mchanga wa uani.

"Baba," nilimwita kwa sauti ya kunong'ona, nikidhani hatasikia, "umeingia saa ngapi?"

"Aliponiita yule mama," alisema, macho yake hayabanduki kwenye televisheni. "Hebu nyamaza kidogo, bado anaongea."