Kifurushi cha Utekelezaji

Jamani, kuna watu kazi yao ni kuhamisha viti, halafu wanataka waitwe wajenzi wa nyumba. Mwenzangu wa meza ya pili, tuliyemwita Nadhifu, ni mmoja wao.

Programu yetu kazi yake ni kuendesha programu nyingine: inaziamsha, inazipa amri, inazisubiri zimalize, inapokea majibu yao. Niliiandika mimi, kwa lugha ya C, nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili, miguu imevimba kama mikate. Humo ndani kuna muundo mmoja wa data unaobeba amri na majibu. Niliuita kazi_ndogo. Jina fupi, linaeleweka, halimsumbui mtu.

Nadhifu likamkera. Akaitisha vikao. Vikao, ndugu yangu, vya jina! Programu zinakwama zikisubiriana, wateja wanapiga simu, yeye yuko ubaoni anachora mishale. Debe tupu haliachi kuvuma. Mwisho akaubatiza kifurushi_cha_utekelezaji, akaiamuru kompyuta ilibadilishe jina kila lilipo, akaenda kunywa chai. Zile programu zilizokwama, hakuna iliyopona hata moja.

Kisha bosi akatangaza kwamba kati yetu wawili mmoja atapunguzwa. Mume wangu hana kazi tangu kiwanda chao kifungwe, na mama mkwe dawa zake ananitegemea mimi. Nikajipa moyo: injini ya programu nimeiandika mimi, nani atanigusa?

Bosi aliponiita, nilimkuta Nadhifu keshakaa, mguu juu ya mguu. Kwenye skrini bosi alikuwa amefungua historia ya msimbo, yaani ya maandishi ya programu, ile inayoonyesha kila mstari uliguswa na nani mara ya mwisho. Jina la Nadhifu limejaa, juu hadi chini.

"Dada, ushahidi huo hapo," bosi akasema. "Injini kaandika mwenzako. Wewe ulikuwa unafanya nini miaka yote hii?"

Nadhifu anaangalia kucha zake. Hata haya hana!

"Nipe dakika moja, bosi."

Nikavuta kibodi, nikaandika amri: kila palipo na kifurushi_cha_utekelezaji, rudisha kazi_ndogo. Nikahifadhi, nikafungua historia upya. Mistari yote ile sasa ilikuwa na jina langu.

"Umeona?" nikamwambia. "Nimeandika injini nzima hapa hapa, mbele ya macho yako."

Nadhifu akashusha mguu. Bosi akaikodolea macho skrini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikasubiri aelewe.

"Kumbe!" akasema, uso umejaa heshima ya kweli. "Mchapakazi namna hii, na ulinyamaza tu?"

Akamgeukia Nadhifu, akamwambia arudishe kitambulisho cha mlangoni. Nadhifu akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu niingie. Nikafungua mdomo nimweleze bosi upumbavu wake, halafu nikaufumba.

"Asante, bosi," nikasema.