Kemia ya Miguu

Wiki ya tano ya mafunzo kiwandani, Redio alikuwa amechoka hadi akaona kila pipa kama mawili. Kila nusu saa alichota rangi, akaijaza kwenye kikombe chenye tundu chini, akahesabu sekunde hadi ikaisha kuvuja, ajue ni nzito au nyepesi, akaandika, akakaa. Maabara haikuwa na dirisha, na harufu ya rangi ilimfuata mpaka kwenye foronya ya mto wake.

Nafasi hiyo ya mafunzo alitafutiwa na mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa mchanga na ndiye aliyembandika jina hilo la Redio, maana mtoto akitumwa chumvi alirudi na habari za mtaa mzima. Mama mdogo alikuwa amepima rangi hapo miaka ishirini na miwili. Alikuwa na kikohozi kisichoisha na miguu iliyovimba kila jioni, lakini kiwanda alikisifu kama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Meneja alishamwahidi kwamba binti akimaliza chuo, kiti chake kipo.

Ijumaa Redio alitakiwa kurudisha fomu chuoni, achague kemia ya mwaka wa mwisho: ya viwanda, ya dawa, ya chakula au ya mazingira. Alama zilimruhusu kwenda kokote, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Kemia aliipenda. Kukaa kimya mahali pamoja ndiko kulikomshinda.

Jumanne akaja mtu wa idara ya maji kuchukua maji machafu ya kiwanda akayapime. Wafanyakazi walimwita Mzee wa Chupa. Redio alitumwa kumwonyesha mtaro, na njiani akamwuliza maswali hadi mzee akacheka. Msaidizi wake alikuwa mgonjwa, na mzee alikuwa amebakiza mabomba kumi na moja ya mitaani ya kupima. Akaomba aazimwe binti kwa siku moja. Mama mdogo akakubali, akidhani anampa mtoto nafasi ya kupunga hewa.

Wakatembea. Kwa kinyozi, kwenye shule ya chekechea, nyuma ya gereji. Mzee aliuchoma mdomo wa bomba kwa moto kuua vijidudu, akayaacha maji yatiririke, akakinga, akatia dawa, na maji yakageuka pinki kuonyesha kwamba klorini imo. Kwenye nyumba ya saba hayakugeuka. Mzee akaandika namba, akafunga mkoba.

Redio hakuondoka. Alimwuliza mama mwenye nyumba watoto wana hali gani. Wanaharisha tangu Jumamosi. Kuna aliyechimba karibu? Wapo, wajenzi wa kona ile. Redio akaifuata kona hiyo, akakuta bomba limepasuka, limelala ndani ya tope. Mzee akawapigia mafundi simu.

"Wenzako huyauliza maji tu," alimwambia. "Wewe unawauliza watu. Lakini usidanganyike, mwanangu. Kazi hii ni miguu, matusi na ripoti. Magoti yangu yamekwisha."

Alhamisi jioni mama mdogo alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Redio aliketi chini karibu naye.

"Mama mdogo, nimechagua mazingira."

Mama mdogo alikohoa. "Na meneja nimwambieje?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Mimi nilipewa kiti nikashukuru," alisema mama mdogo, taratibu, kama anayeongea na maji ya beseni. "Kama nakipenda, hilo sikujiuliza. Nilikuwa na wewe wa kulea."

Redio aliongeza maji ya moto kwenye beseni. Mama mdogo akauliza habari za yule mama wa nyumba ya saba na watoto wake. Redio akaanza kusimulia, na hata hajafika kwenye tope, mwenzake alishasinzia. Redio akaitoa ile miguu majini mmoja mmoja, akaikausha.

Ijumaa asubuhi alirudisha fomu, mchana akaingia kwa meneja. Meneja alimsikiliza huku akisaini karatasi nyingine, akasema sawa, watu wa kukaa kwenye kiti hawakosekani. Redio hakumfikishia mama mdogo maneno hayo. Jioni walitoka kiwandani pamoja, Redio amebeba mikoba yote miwili, wakatembea polepole, wakisimama kila mama mdogo alipohitaji kupumua.