Mazishi ya Ngendo Ndani ya Kompyuta

Umewahi kukaa mbele ya kioo cheusi, mjukuu wangu, ukasikiliza mwanao akizikwa?

Ilikuwa Aprili 1999. Shangazi yako Ngendo alifia Uholanzi na hatukuweza kumleta, akazikwa hukohuko. Rafiki yake Lynn, Mkikuyu mwenzetu aliyeishi huko, akatutumia sidii kwa posta, na barua: filamu ya mazishi imo ndani, na kabla ya jeneza kufungwa uso unaonekana vizuri. Mimi nilitaka uso huo tu. Kwetu, kama hamkupita mbele ya marehemu mkamtazama, moyo haukubali kwamba amekufa.

Basi tukashuka Nyeri mjini watu saba, tumevaa nguo za mazishi kabisa, mimi na kitambaa cheupe cha chama cha akina mama. Babu yako Hezekiah alivaa koti lake jeusi, akasema yeye anatusindikiza tu. Ngendo aliondoka bila ruhusa yake, na kwa miaka sita babu yako hakuwahi kulitaja jina lake.

Chuo cha kompyuta kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu. Mwalimu Mwai akatuvulisha viatu mlangoni, ati vumbi inaua mashine. Tukaketi na soksi zetu, yangu imetoboka kwenye kidole gumba. Mzee wa kanisa akaomba. Mwai akatia sidii.

Sauti ikaja safi: watu wakiimba, kiti kikiburutwa, mtu akikohoa. Kioo kikabaki cheusi.

"Wewe Mwai," akasema wifi yangu Wachuka, "si uwashe taa huko ndani?"

"Si taa, mama. Hii filamu imefungwa kwa njia yake, na mashine haina kodeki, ile programu ya kuifungua. Ya sauti iko. Ya picha ndiyo haiko."

"Jaribu ile ingine iko na kioo kubwa."

"Kioo haisaidii," akasema, lakini akajaribu. Kompyuta sita, zote nyeusi.

Akaunganisha waya wa simu ili ailete hiyo kodeki kwa mtandao. Mstari wa buluu ukatambaa kidogo kidogo, sisi saba tukiutazama kama maziwa jikoni. Ulipokaribia mwisho, simu ikakatika. Akaanza upya. Ikakatika. Mara ya tatu mvua ikashuka kutoka mlimani, na simu ikafa, haina hata mlio.

"Rudini wiki ijayo, cucu," akaniambia, akiniita bibi kwa Kikuyu, bila kuniangalia. "Lakini sitakudanganya. Hata nikiipata, sijui kama ndiyo yenyewe."

Nikamwambia aicheze hivyo hivyo.

Tukamsikia pasta na lugha ya huko. Kisha kimya. Kisha sauti ya Lynn, karibu sana, kwa Kikuyu: "Mama, ndiye huyu. Mtazame."

Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Hakukuwa na kitu. Nikakitazama hicho kitu ambacho hakipo mpaka nikasikia udongo ukigonga mbao.

"Zima, Mwai," akasema Wachuka, akilia.

"Usizime." Hezekiah alikuwa amesimama. Akapita katikati yetu, akaweka kiganja chake chote juu ya kioo, na udongo ukaendelea kuanguka.

"Ngendo," akasema. "Nilitaka urudi nyumbani. Nilitaka tu urudi."